Maua ya Kengele Nyuma ya Jikoni

Kwaruu. Kikombe cha bati kilikwangua ndani ya pipa, chini kabisa, kikatulia, kikakwangua tena. Bado kulikuwa giza. Watu wa boma lile la Bokoli waliusikia mlio huo asubuhi nyingi, na mwanzoni walidhani ni panya wameingia jikoni. Baadaye waliuzoea. Wakijigeuza kitandani waliambiana, ni Kukhu Phelista huyo, anayapelekea majani yake maji.

Phelista, ambaye wote walimwita Kukhu, yaani bibi, alikuwa mjane, na wajukuu wake wakubwa walikuwa wameshaanza kutafuta maisha yao. Alijifunga leso mbili kwa ajili ya baridi, akachota maji ya mvua hadi ndoo ikajaa, akaenda nayo nyuma ya jikoni. Huko alikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia aliotoboa kitako chake kwa msumari, maji yapate kutoka kama manyunyu. Alimwagilia chini, penye shina, maana majani yale yakilowa usiku kucha huoza. Halafu alipapasa kwa vidole akitafuta konokono, na kila aliyempata alimtupa upande wa migomba. Hakuwaua. Aliona nao wanatafuta chakula tu.

Mwenye maneno alikuwa shemeji yake, Wamalwa, mdogo wa marehemu mumewe. Nyumba zao zilitazamana, uwanja mmoja.

"Shemeji, hiyo ni mboga gani unanyonyesha kama mtoto?"

"Si mboga. Ni maua."

"Maua iko wapi? Mimi naona majani."

"Yatatoka mwaka ujao."

"Ati mwaka ujao." Wamalwa alimgeukia mkewe Peris, aliyekuwa anakamua ng'ombe. "Umesikia? Sisi tunapanda mahindi, tunavuna, tunapanda tena, na shemeji bado anangojea jani itoe ua. Si ungepanda sukuma hapo, bana, tupate kitu ya kushukisha ugali?"

"Mwache," Peris alisema. "Hata wewe nilikungojea mwaka mzima ulete ng'ombe kwetu."

Walicheka wote watatu. Asubuhi iliyofuata Phelista alikuta ndoo mbili za samadi karibu na maua yake, samadi iliyooza vizuri, nyeusi, isiyonuka. Wamalwa hakusema ni yeye aliyeileta. Phelista naye hakuuliza, ila siku hiyo alimpikia chai yenye maziwa mengi.

Maua yenyewe yalikuwa ya Bilha, rafiki yake wa Kitale.

Bilha wazazi wake walitoka upande wa Nyeri wakahamia Trans-Nzoia yeye akiwa mtoto wa mgongoni. Phelista alikutana naye zamani sana, katika wodi ya wazazi pale Kitale, mume wa Phelista alipokuwa kibarua huko. Vitanda vilikuwa vichache, wakalazwa kitanda kimoja, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule, kila mmoja na mtoto wake wa kwanza. Phelista hakuwa na mtu wa kumletea chakula. Mama yake Bilha alipokuja na chupa ya uji, Bilha alimimina nusu kwenye kifuniko akampa, bila kuulizwa. Tangu siku hiyo waliitana kwa majina ya watoto wale wawili: Phelista Mama Wanyonyi, Bilha Mama Hiram. Phelista alirudi Bokoli na Bilha akabaki shambani kwao nje ya Kitale na mumewe Waithaka, lakini hawakuachana. Mwaka haukupita bila mmoja kumtembelea mwenzake.

Bilha alikuwa mtu wa maua. Kengele hizo, ndivyo walivyoyaita maua yale, alizirithi kwa mama yake, aliyezitoa kwenye bustani ya walowezi alikofanya kazi. Zilikuwa ndefu kufika kiunoni, kila shina limebeba kengele nyingi, na ndani ya moja ungeweza kutia kidole gumba chote. Zilitoka nyeupe, za waridi na za buluu, na huwezi kujua rangi mpaka zifunguke. Bilha alipenda za buluu. Waithaka alipokufa alizipanda kuzunguka kaburi, na zilipofunguka aling'oa nyeupe na za waridi zote, akaacha buluu tupu. Katika ziara moja alimfungia Phelista mbegu kidogo kwenye kipande cha gazeti. Mbegu ndogo kama ugoro. Phelista alizitia kwenye sanduku la nguo, akazisahau, kwa sababu shamba lake lilikuwa dogo na wa kula walikuwa wengi.

Kisha ukaja uchaguzi ule wa mwisho wa mwaka elfu mbili na saba, na vurugu zake, walioitwa watu wa kuja wakafukuzwa. Bilha alitoka shambani na nguo alizovaa. Nyumba ilichomwa. Alilala kwenye hema la kambi kwa miezi, ndipo Hiram akampangia chumba mtaa wa Tuwan, akae na mjukuu wake Nyambu, msichana anayesuka nywele. Shambani hakurudi. Waliopita huko walimwambia pale kaburini pamelimwa, pana mahindi.

Phelista alipokwenda kumwona Tuwan, Bilha alimkaribisha huku akitazama kando kidogo ya uso wake.

"Macho yangu inafunga, Mama Wanyonyi. Daktari anasema ni presha ya macho. Naona kama mtu anachungulia kwa bomba, na hiyo bomba inazidi kuwa nyembamba."

"Hakuna dawa?"

"Iko ya kuchelewesha. Ya kurudisha hakuna." Alimimina chai polepole, ncha ya kidole ikiwa ndani ya ukingo wa kikombe ili ajue kimejaa. "Nyumba siililii. Nyumba ni mbao na mabati. Lakini natamani nione zile kengele za Baba Hiram mara moja, kabla hii mlango haijafungwa. Ile buluu. Nikilala naitafuta kwa akili, na siku hizi inanipotea."

Phelista alilikumbuka sanduku. Hakusema kitu, aliogopa kuahidi. Alipofika nyumbani alichekecha udongo kwa chekeche la unga, akanyunyiza mbegu juu juu bila kuzifukia, kwa kuwa mbegu ya kengele hutaka kuona mwanga ndipo iote. Akaziegeshea jani la mgomba jua lisizichome. Alipoona vijani viwili viwili ndipo alipoazima simu ya mwanawe Wanyonyi.

"Mama Hiram, zimeota."

"Nini imeota?"

"Kengele zako. Zile mbegu ulinipa."

Phelista alimsikia Bilha akivuta kiti, akiketi.

"Basi nitangojea," Bilha alisema. "Lakini ujue mwaka wa kwanza ni majani tu. Usichoke ukang'oa."

"Sitang'oa."

Na hakung'oa. Alihamisha miche, akaitenganisha, akaizungushia majivu. Mwaka wa pili, mvua zilipokolea, mashina yalianza kupanda. Kila moja alilifunga kwenye kijiti chake, upepo usije ukalilaza. Vichwa vikatokea, vya kijani, vimefunga kama ngumi za mtoto mchanga. Siku hizo hizo Nyambu alipiga simu. Jicho la kushoto la shosho, bibi yake, limekwisha, la kulia limebaki na mwanga kidogo.

"Mwambie vichwa vimeshatoka," Phelista alisema. "Mwambie angoje kidogo tu. Zikifunguka nakuja nazo."

Ndipo Wamalwa akashikwa na kifua. Walimpeleka Bungoma jioni, na kulipokucha hakuwapo tena.

Phelista alikwenda na Peris mochari kumvisha. Mhudumu wa pale alikuwa kijana, na alimpa Peris kiti chake mwenyewe. Alipokuwa akimfunga marehemu tai aliongea naye kwa heshima. "Mzee, inua kichwa kidogo. Asante, mzee." Kana kwamba Wamalwa anasikia. Phelista aliliweka jambo hilo moyoni.

Desturi ya kwao, mtu akifa bomani hakuna anayeshika jembe mpaka azikwe, na mfiwa haachwi peke yake na mwili. Phelista ndiye mwanamke mkubwa aliyebaki katika boma, kwa hiyo kazi ya kukaa na Peris ilikuwa yake. Jeneza liliwekwa sebuleni kwa Wamalwa, na wao wakaketi kwenye mkeka, migongo ukutani. Peris hakuwa amelala tangu Bungoma. Alikuwa amekauka macho, hali, hanywi, hajibu. Usiku wa kuamkia mazishi mvua kubwa ilinyesha, naye aliisikiliza yote.

Kuna desturi nyingine pia, na hii hakuna anayeiamrisha. Asubuhi ya mazishi majirani huja bila kuitwa, kila mtu na panga au fyekeo lake, wakasafisha boma zima wageni wapate pa kukaa. Kumwacha mfiwa na nyasi uwanjani ni aibu ya kijiji. Phelista aliijua desturi hiyo, lakini hakuwa na wasiwasi. Boma lile wapishi walikaa siku zote chini ya mparachichi, mbele, na nyuma ya jikoni hakuna aliyekuwa na haja napo. Hakumwambia mtu kitu. Hakufikiria kwamba mvua ile ilikuwa imegeuza chini ya mparachichi kuwa tope la kuzama mguu.

Wanawake wengine walitoka kunywa uji. Wakabaki wawili, na jeneza. Hapo Peris aliinama taratibu, kama mtu anayetaka kuokota kitu, akaweka kichwa chake mapajani mwa Phelista, akalala. Alipumua kwa kukatika katika, kama mtoto aliyelia mpaka akachoka.

Fyee. Fyee. Fyekeo la kwanza lilianzia kwenye uzio. Phelista alilifuata kwa masikio. Kwenye uzio nyasi zilikuwa ngumu, mlio ulikuwa mkavu. Likapita njia ya choo. Likapita zizini. Akasikia sauti ya Mukhisa, jirani yao wa kuvuka kijito, ikisema, "Huku mbele hapafai, wamama watapikia wapi? Tuwatengenezee nyuma ya jikoni."

Phelista aliinua kichwa. Mlango ulikuwa hatua chache tu. Neno moja lingetosha, tena si la kupaza sana: Mukhisa, hapo ngoja. Akafungua mdomo. Peris, usingizini, alishika pindo la leso yake, akalikaza, akavuta pumzi ndefu ya kwanza tangu siku ile ya Bungoma.

Phelista akafunga mdomo. Aliweka mkono kwenye kichwa cha Peris, juu ya kitambaa, akauacha hapo.

Fyee. Mlio ulikuwa umebadilika, sasa ulikata kitu kibichi, chenye maji. Fyee. Alijua shina lipi liko wapi. Lililokuwa karibu na jiwe la kunolea visu. Lililo refu kupita yote. Hakulia, kwa sababu machozi yangemdondokea Peris usoni. Mwishowe kimya, na Mukhisa akasema, "Haya, leteni mafiga."

Saa nne hivi Mukhisa alikuja mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa amefika kabla ya watu wote, na viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge.

"Kukhu, pole tena. Hata kule nyuma nimewafyekea. Ile majani ndefu yote imetoka. Wapishi watakaa vizuri, na nyoka haitasumbua mtu."

"Asante, baba," Phelista alimwambia. "Mungu akubariki. Nenda upake mafuta hiyo mikono."

Na alimaanisha. Angekuwa hamaanishi, pengine isingemuuma vile.

Hakwenda nyuma ya jikoni mpaka mazishi yalipokwisha, na siku ya wafiwa kunyoa nywele ikapita, na wageni wa mwisho wakaondoka. Alikuta madoa matatu ya majivu na udongo uliokanyagwa ukawa kama sakafu. Mashina yalikuwa kwenye lundo upande wa migomba, meusi, yenye utelezi, vichwa vimefunga vile vile. Kengele moja tu ilikuwa imejificha chini ya ukingo wa paa, imebanwa na ukuta, fyekeo halikuifikia. Mtu aliikanyaga ikavunjika, lakini haikukatika. Phelista aliinyoosha kama mtu anavyonyoosha mfupa, akaitia vijiti viwili, akaifunga kwa kamba ya mgomba. Ilikuwa na vichwa vitano. Vinne vilidondoka kimoja baada ya kingine. Kimoja kikafunguka.

Kilikuwa cheupe.

Phelista aliketi chini, palepale kwenye majivu, akakitazama. Kilikuwa kizuri. Kilikuwa cheupe kama maziwa ya asubuhi, na hakikuwa kile alichoombwa. Peris alikuja akasimama nyuma yake. Alikuwa ameambiwa na wajukuu jinsi maua yalivyofyekwa yeye akiwa amelala.

"Dada, kwa nini hukunisukuma? Ungeniamsha tu."

"Ulikuwa umelala."

Peris aligeuka. Aliingia ndani, akarudi na ule mkebe uliotobolewa, akaujaza udongo kwa mikono yake, na wote wawili wakauhamishia ule mche taratibu, mmoja ameshika shina na mwingine ameshika mzizi.

Njia yote ya kwenda Kitale Phelista alipanga maneno. Nisamehe, Mama Hiram. Ni moja, na ni nyeupe. Lakini ni ya mama mmoja na zile za buluu. Aliyarudia mpaka yakalainika. Pale stejini, magari yanaposhusha watu, kijana wa bodaboda aliuona ule mkebe, akasema, "Shosho, hiyo maua itavunjika kwa hii barabara, wacha nikupeleke mos mos," na kweli alimpeleka polepole, akiyakwepa mashimo yote ya Tuwan kama amebeba mayai.

Nyambu alikuwa mlangoni anamsuka mteja. Alimwona Phelista, akauona mkebe, akalitazama lile ua kidogo. Kisha akainuka, akampokea mkoba.

"Ni Mama Wanyonyi," Bilha alisema kutoka ndani, kabla mtu hajasema kitu. "Najua hiyo mguu. Ingia, ingia. Nilisikia msiba. Pole sana. Wamalwa alikuwa mtu wa kuchekesha watu, sijui mtacheka na nani sasa."

"Tumeshapoa. Mama Hiram, nimekuja na moja tu. Zingine zote zilifyekwa siku ya mazishi. Watu walikuja kutusaidia."

"Moja ni nyingi. Lete hapa kwa dirisha."

Phelista alimwekea mkebe mikononi. Bilha aliugeuza kuelekea kwenye mwanga, akaupandisha, akausogeza karibu na jicho la kulia hata kope zikagusa ua. Alilipapasa nje, akatia ncha ya kidole ndani, taratibu, akaizungusha. Phelista alivuta pumzi aseme yale maneno yake.

"Ndiyo hii," Bilha alisema. "Ni ile buluu ya Baba Hiram."

Phelista alimtazama Nyambu. Nyambu aliinamisha macho kwenye kitana alichoshika. Hata yule mteja, nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama, aligeuza uso.

Kumbe lile bomba limeshafunga. Labda lilifunga wiki ile ya msiba. Labda lilikuwa limefunga kabla ya hapo, Bilha akakataza asiambiwe mtu. Na kama alisema buluu kwa kuwa aliamini, au alisema kwa kuwa hakutaka rafiki yake aone amekuja bure, Phelista hakujua. Alipomwangalia usoni aliona uso umetulia tu, umegeukia dirishani.

"Ndiyo," Phelista alisema. "Ni buluu."

"Na kule ndani inazidi kukolea. Si unaona?"

"Naona."

"Hivyo ndivyo zilikuwa pale kwa kaburi." Bilha aliuweka mkebe juu ya mapaja, akaukumbatia. "Isikatwe. Iachwe ikauke hapo hapo, itupatie mbegu."

Chini ya kamba ya mgomba, pale palipovunjika, shina lilikuwa limeanza kuwa la kahawia, laini kidogo. Mbegu za kengele hutaka wiki nyingi kukomaa, na shina lile lisingefika. Kwenye sanduku Bokoli hapakuwa na nyingine. Phelista alikunja pindo la leso yake.

"Tutaona," alisema.

Nyambu aliacha kusuka akapika chai. Bilha alimimina mwenyewe, kidole kwenye ukingo, na safari hii kidogo ilimwagika, Nyambu akaipangusa kwa kitambaa. Waliongea habari za Hiram na za Wanyonyi, nani ameoa, nani amekataa kuoa. Waliongea habari za mahindi, kwamba bei imeanguka. Kuhusu shamba lile hakuna aliyegusa. Jua lilipoanza kushuka Phelista alisema magari ya Webuye yatamwacha.

"Nitakusindikiza," Bilha alisema.

"Kaa tu, Mama Hiram."

"Nikae kwa nini? Miguu haijafunga."

Alimsindikiza akishika ukuta, kisha mlango, kisha kamba ya kuanikia nguo, mpaka kwenye geti la ploti ile ya vyumba vya kupanga. Zamani wangetembea pamoja hadi barabara kubwa, na huko wangesimama tena wapige hadithi mpaka gari la kwanza liwapite. Sasa Bilha aliligusa bati la geti, akajua hapo ndipo mwisho wake. Alitafuta mkono wa Phelista hewani, akakosa, akaupata.

"Haya, Mama Wanyonyi. Msalimie Peris. Mwambie alale."

"Nitamwambia."

Bilha hakuuachia mkono. Alikuwa anatazama mahali fulani juu ya bega la Phelista, ambako hapakuwa na kitu ila ukuta wa jirani.

"Utakuja tena?" aliuliza. "Kuja hata kama huna kitu ya kuniletea. Kuja tu hivi."